Barafu ya Bungo: Unguja Wanagandisha Msimu Mzima

Nianze na hukumu, maelezo yatafuata. Kitu kitamu kuliko vyote vilivyogandishwa katika pwani yetu hakiuzwi dukani, hakina chapa wala tangazo la redio, na bei yake unailipa kwa sarafu. Kinauzwa mlangoni mwa nyumba za watu, Unguja, ndani ya kifuko chembamba cha nailoni kilichofungwa fundo. Ni barafu ya bungo. Jamani, bungo! Nimeionja kwa mara ya kwanza maishani juzi juzi, na tangu hapo kila ninayekutana naye namsimulia.

Mimi ni mtu wa bara. Nimekulia Morogoro, na kwetu utotoni barafu ilikuwa lambalamba: maji, sukari, rangi nyekundu na kijiti. Tuliipenda kwa kuwa mchana ulikuwa mkali na yenyewe ilikuwa baridi, basi. Haikuwahi kunijia kwamba ndani ya kitu kidogo namna ile, kitu cha watoto, kunaweza kukaa mti na shamba lake, viungo vya kisiwa kizima, na ufundi wa mama aliyekaa na chujio jikoni kwake tangu alfajiri. Nilivuka bahari na orodha ya kila mgeni: urojo, halua, pweza wa Forodhani, juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi. Vyote nimevila na vyote vinastahili sifa zake. Lakini hakuna hata kimoja kilichonisimamisha katikati ya kichochoro, mdomo wazi, kama barafu ile.

Namna ya kuipata ni hii. Toka Mji Mkongwe kwa upande wa Darajani, liache nyuma yako lile soko lililojengwa mwaka 1904, vuka barabara, ingia Ng'ambo. Hapo ndipo wanapoishi watu wengi wa mji, na ndipo friji zinapofanya kazi ya maana. Pita Vikokotoni, pita Mchangani, fika Mwembetanga, nenda mpaka kwenye majumba marefu ya Michenzani. Usitafute kibao cha taa. Tafuta kipande cha boksi kilichoandikwa kwa mkono na kuning'inizwa mlangoni, au subiri skuli zitoke uwafuate watoto, maana wao wanaijua ramani yote: nyumba ipi ina ya ukwaju iliyokolea, nyumba ipi hubania sukari, nyumba ipi leo umeme umekatika kwa hiyo usijisumbue.

Ukifika unapiga hodi. Unaitikiwa karibu, unatoa salamu zako zote bila haraka, kwa sababu Zanzibar salamu haikatwi nusu. Ndipo unauliza.

"Shikamoo, bibi. Leo kuna barafu gani?"

"Marahaba, mwanangu. Ya ubuyu ipo, ya ukwaju ipo. Bungo zimebaki mbili tu."

Nilizichukua zote mbili.

Kwa msomaji wa bara ambaye hajalitia machoni, bungo ni tunda la mbungo, mmea unaotambaa na kupanda juu ya miti mingine. Likiiva ganda lake huwa la rangi ya machungwa, na ndani hukuti nyama ya kukata kwa kisu bali mbegu nyingi zilizovikwa utando laini wa manjano, mchachu, wenye harufu inayojaza chumba. Halimenywi likaliwa kama embe. Ama unazinyonya mbegu moja moja, ama unazitia katika maji, unazifikicha kwa mkono mpaka utando uachie, kisha unachuja. Kinachobaki bakulini ni sharubati nzito ya rangi ya dhahabu. Ukiinywa utadhani mtu amechanganya embe, pasheni, nanasi na chungwa. Hakuna aliyechanganya chochote. Ni tunda moja, limezaliwa hivyo!

Sasa sharubati hiyo igandishe. Unang'ata kona ya kifuko, na kinachotangulia si utamu. Ni uchachu, mkali kiasi cha kukufumbisha jicho. Baadaye kidogo sukari inakuja kuupokea, na baada ya sukari, wakati unadhani yamekwisha, harufu ya tunda inapanda kwa nyuma, inafika puani, inakaa huko. Barafu inayeyuka upande ule kiganja kilipoishika, kwa hiyo kila mvuto una sehemu ya maji na sehemu ya chenga laini zinazosagika ulimini. Nilipomaliza ya kwanza niliifungua ya pili palepale, na yule bibi akacheka kwa furaha ya mtu anayejua alichokitengeneza.

Uchachu huo ndio siri ya kisiwa kizima, na nataka nisimame hapa kidogo. Aiskrimu nyingi tulizozoea, za viwandani na za mahotelini, hujengwa juu ya maziwa na vanila. Utamu unaanza, utamu unaendelea, utamu unamaliza. Unguja wanaanzia upande mwingine. Orodha yao inaongozwa na vitu vichachu: bungo, ubuyu, ukwaju, pasheni, embe. Katika joto lile la Zanzibar, hewa nzito yenye unyevu wa bahari, kitu kitamu mno kinakuongezea kiu. Kitu kichachu kinakata kiu na kuamsha mate, unajiona umezaliwa upya. Wameielewa hali yao ya hewa na wameijibu kwa matunda yao wenyewe.

Na kazi yenyewe si ya kubahatisha. Baridi huupunguza utamu ulimini, hivyo juisi inayotosha sukari ikiwa ya kawaida huonekana imepooza ikishaganda. Lazima uizidishe kidogo kabla ya kuitia kwenye friji. Lakini sukari nayo huzuia maji yasigande upesi. Izidishe mno, kifuko kinabaki tepetepe mpaka jioni. Ipunguze mno, unapata jiwe la kuvunjia meno. Barafu mbovu utaitambua mara moja: ukiinyonya kidogo tu sharubati yote inatoka, unabaki na kipande cheupe cha maji kisicho na ladha wala rangi. Barafu nzuri inabaki na ladha yake mpaka tone la mwisho kwenye kona ya kifuko, na kinachoifanya iwe hivyo ni uzito wa tunda. Mama anayeongeza maji ili apate vifuko vingi zaidi hupoteza wateja, na watoto hawana huruma katika jambo hilo.

Kwa uzito, mfalme ni ubuyu. Wengi tunaujua ubuyu wa Zanzibar ule wa kumung'unya, mwekundu, uliopikwa na sukari, hiliki na pilipili kidogo. Wa kugandisha hutayarishwa vingine. Mbegu hulowekwa, hukorogwa mpaka unga wote uachie, huchujwa, hutiwa sukari na hiliki, na nyumba nyingine huongeza maziwa. Unga wa ubuyu una pektini nyingi, kitu kilekile kinachofanya jemu ishikamane, na pektini hiyo huyazuia maji yasijikusanye kuwa vipande vikubwa vya barafu. Matokeo yake ni ulaini ambao huutegemei kabisa kutoka kwenye kifuko kilichotoka friji ya kawaida ya nyumbani. Hakuna mashine ya kukoroga, hakuna krimu, hakuna yai, na bado inateleza ulimini! Niliishika kifukoni nikaibonyeza kwa vidole, ikabonyea. Ya hiliki nyingi ndiyo niliyoipenda zaidi. Ile ya pilipili inahitaji moyo, ila ukiwa nao utairudia.

Ukwaju ni wa watu wazima. Unakuja na chumvi kidogo, tangawizi, nyumba nyingine pilipili manga, rangi ya udongo, hauna urembo wowote wa kumvutia mgeni. Mwezi wa Ramadhani, baada ya futari, nasikia ndio unaokwisha mapema kuliko zote, na ninaamini. Embe hujaa kuanzia mwisho wa mwaka, na hapo nyumba hushindana kwa aina: wengine hushikilia dodo, wengine bolibo, wengine hawatambui embe lolote zaidi ya muyuni. Mimi nilikuta ya bolibo na sina la kulalamika. Pasheni ni nzuri, lakini pasheni tunayo bara. Nanasi vivyo hivyo.

Stafeli, hata hivyo, msiipite. Tunda lile la ganda la kijani lenye miba laini, ndani jeupe, lenye nyuzi. Nyama yake hufikichwa ikatolewa mbegu, ikachanganywa na maziwa baridi na sukari, ikagandishwa. Zile nyuzi zinafanya kazi ileile inayofanywa na pektini ya ubuyu, na maziwa yanautuliza uchachu bila kuuzima. Ladha yake ni pana, ya taratibu, ina kitu cha ndizi na kitu cha limau kwa mbali. Kama bungo lisingekuwapo duniani, ningeipa stafeli taji bila kusita.

Upande wa maziwa ndiko iliko malai. Hapa kisiwa kinaonyesha kilikotoka. Maziwa huchemshwa na sukari na hiliki, pengine hutiwa kastadi ili yashike, kisha matone machache ya arki ya vanila au ya waridi, yakapoa, yakagandishwa. Aliyewahi kula kulfi ya Wahindi, maziwa yaliyochemshwa kwa muda mrefu hadi yakapungua na kuwa mazito, kisha yakatiwa hiliki, zafarani au lozi, atautambua undugu huu papo hapo. Wafanyabiashara kutoka Gujarati na Kachi wamekuwa wakiishi Zanzibar tangu enzi za masultani, na jikoni za mji huu zimekuwa zikipokea na kutoa karne kwa karne. Hiliki nayo imepandwa katika mashamba ya Unguja pamoja na mdalasini, pilipili manga na vanila. Malai ya waridi iliyotengenezwa kwa mkono mwepesi ni kitu cha heshima, ungeweza kumwandalia bibi harusi. Kwa mkono mzito inanuka sabuni, niseme ukweli. Ulizia ya hiliki tupu kwanza.

Yote haya yanakaa juu ya umeme, na umeme wa Zanzibar umepita misukosuko. Unguja hupata umeme wake kutoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Mwaka 2008 hitilafu iliiacha Unguja gizani kwa takriban mwezi mzima, na kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 giza lilirudi kwa miezi mitatu. Miezi mitatu bila friji! Mgeni anaweza kuyasikia hayo akafikiria taa na feni. Mimi sasa nafikiria akina mama waliokuwa wakilipa ada na daftari za watoto kwa vifuko vya ukwaju. Waya mpya mkubwa zaidi, wa megawati 100, ulianza kazi mwaka 2013 kati ya Ras Kiromoni na Fumba kwa msaada wa Marekani. Pemba iliunganishwa na bara kwa upande wa Tanga mwaka 2010, baada ya miaka mingi ya kutegemea jenereta za mafuta, kwa msaada mkubwa wa Norway. Unapoinyonya barafu ya kisiwani leo, fahamu kwamba kuna waya mrefu chini ya maji unaoishikilia isiyeyuke.

Watu wa Pemba wanashikilia kwamba bungo la kwao ndilo lenyewe na la Unguja ni salamu tu. Sijafika Pemba. Baada ya niliyoyaonja, Chake Chake na Wete zimepanda juu kabisa ya orodha ya safari zangu.

Wakati wa kuiona biashara hii ikiwa imechangamka kuliko wakati wowote ni sikukuu. Idi Zanzibar haiishi kwenye sahani ya pilau. Jioni watoto huvalishwa nguo mpya, hupewa pesa za sikukuu na wazazi, mashangazi na wajomba, na hupelekwa viwanjani, Mnazi Mmoja na Kariakoo, kwenye bembea na michezo na vitu vya kula. Kwa mtoto, pesa ile ni ya kwake kweli, hakuna wa kumpangia. Na sehemu nzuri ya pesa hiyo inaishia kwenye kitu cha baridi, kikidondoka juu ya kanzu mpya na gauni jipya huku mama akiangalia pembeni kwa sababu leo ni sikukuu.

Je, vipi kuhusu aiskrimu nyingine? Zipo, na si mbaya. Za Azam zimeenea visiwani kama zilivyoenea bara, na mwanzilishi wa kampuni hiyo, Said Salim Bakhresa, ni mzaliwa wa Zanzibar. Watalii wa Kitaliano wameleta ladha ya kwao, na katika Mji Mkongwe na fukwe za mashariki na kaskazini utapata aiskrimu ya Kitaliano ya kupakuliwa kwa kijiko bapa, nyororo, safi. Nimeila, nimeifurahia. Lakini hiyo ningeweza kuila katika miji mingi ya dunia. Barafu ya bungo ya Mwembetanga siwezi kuila Roma, siwezi kuila Nairobi, na inaniuma kusema kwamba hata Morogoro siwezi, mwendo wa saa chache tu kutoka boti inapotia nanga Dar es Salaam.

Tahadhari moja naitoa kwa dhati. Barafu ni maji, na maji yasiyochemshwa hayasafishwi na baridi. Vijidudu hulala, havifi. Visiwa hivi vimewahi kupigwa na kipindupindu, na kila mlipuko unapotokea wauzaji wa vyakula na vinywaji vya mitaani ndio wa kwanza kubanwa. Nyumba nzuri huchemsha maji na kuyapoza, na haichukii kuulizwa. Uliza kwa adabu. Mwenye kuchemsha atakujibu kwa fahari, tena atakuonyesha sufuria. Na ile ya rangi tupu, buluu au nyekundu ya kung'aa isiyo na tunda lolote ndani yake, iacheni. Ipo Unguja kama ilivyo kwingine, na haina sababu ya kuwapo katika kisiwa chenye matunda haya yote.

Nilichokitafuta nikakikosa ni doriani. Zanzibar ni miongoni mwa sehemu chache za Afrika zenye midoriani mikubwa inayozaa, na msimu wake ukifika harufu inakupokea barabarani kabla hujaliona tunda. Nyama yake ni mafuta matupu na utamu, yaani imeumbwa igandishwe. Nilipouliza, nikaambiwa ikiingia kwenye friji inaambukiza kila kitu kilichomo harufu yake. Naelewa. Lakini mwenye friji ya pili, tafadhali, jaribu. Nitakuwa wa kwanza mlangoni.

Kwa wenye mahoteli ya Nungwi, Paje na Kiwengwa nina ombi zito zaidi. Wageni wenu wanatoka mbali, wanakaa kwenye meza inayotazama bahari, na mwisho wa chakula mnawaletea vanila iliyosafirishwa kwa kontena. Nunueni bungo kijijini nyuma ya ukuta wenu. Mkodi ujuzi wa akina mama wanaolijua, muwalipe kwa haki, muandike neno bungo kwenye orodha ya chakula bila kulitafsiri. Na viwanda vyetu, vinavyosambaza aiskrimu hadi Mbeya na Mwanza, vina kila sababu ya kutupa bungo na stafeli halisi, zenye tunda la kweli, ili mtoto wa bara naye akue akilijua jina hilo.

Hukumu yangu: bungo kwanza, stafeli ya maziwa ya pili, ubuyu wenye hiliki wa tatu, na ukwaju uwe wa kila siku. Ukifika Unguja nenda mapema, kabla skuli hazijatoka. Beba sarafu, si noti ya elfu kumi, maana chenji ni tabu. Usiulize kama barafu ipo. Uliza leo kuna za nini. Ukiambiwa za bungo, nunua zote zilizobaki.